Ziwa Lenye Mlango

Juma lililopita nilitoka nyumbani, jambo ninalolifanya kwa nadra na kwa manung'uniko, nikaenda kumzika Kerubo ng'ambo ya Chepilat. Watoto wangu wanajua kwamba kunitoa kwenye kiti changu ni kazi ya watu watatu: mmoja wa kunibembeleza, mmoja wa kunishikia koti, na mmoja wa kukificha kiti. Safari hii sikubembelezwa. Moraa, binti ya marehemu, aliniandikia barua ya mistari minne kwamba mama amelala, mazishi ni Ijumaa, na familia ingependa niseme maneno machache, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwapo siku baba yake alipokufa. Niliisoma barua nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mambo ninayoandika hapa ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na moja katika shamba la chai upande wa Kericho, na mtu mwenye ujasiri angeyamaliza kwa sentensi moja. Mimi nitahitaji kurasa kadhaa, na huenda chai pia.

Nilikuwa karani wa kuandika majina ya wafanyakazi asubuhi. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili, elimu ambayo siku zile ilimfanya mtu avae soksi hata kama hakuwa na mahali pa kwenda. Na kwa kweli sikuwa na mahali pa kwenda, wala sikutaka. Vijana wenzangu walishuka Kericho kila mwisho wa mwezi kuona magari na wasichana. Mimi nilibaki kwenye laini, zile safu za vibanda vya mviringo vya wafanyakazi, nikitafuta pembe isiyo na mtu. Haikuwepo. Kibanda chetu kilikuwa na wanaume wanne: mmoja alikoroma, mmoja alisali kwa sauti kama vile Mungu anaishi Sotik, mmoja alikaanga dagaa wa omena saa zote, na wa nne alikuwa mimi, aliyelalamika juu ya hao watatu. Mlango wetu ulikuwa gunia. Kama unataka kujua jambo moja tu kunihusu, jua hili: katika ujana wangu, wakati wengine walipoota ng'ombe na wake, mimi niliota mlango wa mbao wenye kufuli.

Mwaka ule Bwana meneja, ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani, alimaliza kuziba kijito kati ya vilima viwili vya chai, na maji yakajaa bondeni kwa majuma kadhaa ya mvua. Mke wake akasema liitwe ziwa. Sisi tuliona bwawa; ziwa gani lina mlango wa chuma chini ya ukuta, ambao nyapara Kiptoo aliufunga na kuufungua kwa gurudumu kama mtu anayefungua ghala? Kiptoo alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo. Kabla chai haijapandwa, ng'ombe wa baba yake walikuwa wakishuka katika bonde lile kulamba udongo wa chumvi, na kwa miaka mingi watu na ng'ombe walikuwa wamelichimba hata pakawa na shimo la kuingia mtu na mkuki wake. Maji yalipopanda alisimama ukingoni akanionyesha kwa fimbo: shimo liko pale, karibu na gati la mbao lililokuwa likijengwa kwa ajili ya mashua. Nilimwambia amweleze Bwana. Akasema Bwana hakumuuliza.

Kila Jumapili Wazungu walikuja kutoka mashamba ya jirani na magari yao, na sisi tulijifunza kitu kipya, kwamba kuna watu hupumzika kwa kuchoka. Walilizunguka ziwa kwa miguu, wake kwa waume, wakarudi pale pale walipoanzia, wakiwa wekundu na wenye furaha. Walitandaza mablanketi kwenye majani, wakala mikate midogo yenye matango ndani. Watoto wao waliogelea kwa mipira ya ndani ya magurudumu, na wanaume wazima walishindana kupiga makasia kutoka upande huu hadi upande ule, ambako hapakuwa na chochote. Kiptoo aliwatazama kwa makini sana, kama mtu anayengoja kuona watakapoanza kazi yenyewe.

Mashua zilipofika kwa lori, mbili kubwa na moja ndogo, Bwana Miwani aliniita ofisini. Kando ya maji alikuwa amejenga nyumba ya mashua, na ubavuni mwake chumba kimoja cha mawe kwa ajili ya mtunzaji. Ufunguo ulikuwa mezani, mbele yake. Alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba mimi ni mtu wa ziwa, kwa hiyo ninajua kuogelea kama samaki, kwa hiyo Jumapili nitatunza mashua na kuangalia watu wasizame, na nitakaa katika chumba kile. Hakuuliza. Makarani wengine wawili, mmoja Mkikuyu na mmoja Mluhya, waliitikia kwa vichwa. Kila mtu upande ule wa nchi alijua kwamba Mjaluo huzaliwa amelowa. Sasa, kwetu ni milimani. Mto wetu wakati wa kiangazi kuku huuvuka bila kuinua mabawa. Ziwa nilikuwa nimeliona mara mbili, zote mbili kwa mbali, na maji hayakuwahi kunipita magoti. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilitazama ufunguo. Ulikuwa mrefu, mpya, na wa mlango wa mbao.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Wengine wamedanganya kwa sababu ya vyeo na mashamba. Mimi nilidanganya kwa sababu ya mlango, na kwa miezi michache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nchi ile. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji niliyoipiga deki hadi ikaona haya, paa la mabati, meko ya moshi kupanda juu, na dirisha la vioo vinne. Kilinuka rangi na mbao za makasia. Mvua ya alasiri, ambayo katika nchi ile huja kama mfanyakazi anayeogopa kufutwa, iliponyesha juu ya mabati, nilikaa ndani nikaisikiliza kama mtu anayesikia adui yake akibisha mlango usiofunguka.

Waliokaribishwa walikuwa wachache, na wa kwanza wao ni Zakayo na mkewe Kerubo, Wakisii, Wasabato wa kweli. Jumamosi baada ya ibada walikuja na Moraa mgongoni kwa mamake, na Kerubo alileta ugali wa wimbi umefungwa kwa jani la mgomba na mboga za chinsaga, ule mgagani wa kwao, zilizopikwa kwa maziwa, chungu kidogo zikibaki ulimini. Mimi nilitoa chai. Ilikuwa chai ya vumbi, ile iliyobaki chini ya chekeche. Majani mazuri tuliyoyachuma yalipanda meli. Tulitaniana bila huruma, kama ilivyo kati ya Mjaluo na Mkisii wanaopendana. Zakayo alisema ameona watu wakioa nyumba, lakini si kwa kufagia namna hii. Kerubo alisema, "Shemeji, chumba hiki kina kila kitu ila mke." Nikamjibu kwamba mke angeleta watu, na watu wangeleta matope. Nilikuwa hodari wa maneno ya namna hiyo. Watu walicheka hata kabla sijamaliza, na mimi nikajizoeza kutosema jambo lolote kwa njia nyingine.

Zakayo alifanya kazi kiwandani, katika chumba cha chekeche, na vumbi la chai lilikuwa limeshaingia kifuani mwake. Alikohoa akiwa ameinama, mkono ukutani, na leso yake ilitoka na rangi ya kahawia. Kwa hiyo Bwana Miwani alipotangaza kwamba Jumapili moja wafanyakazi nao wataruhusiwa kuja ziwani na familia zao, na kwamba atahitajika mtu wa pili wa mashua, ajuaye kuogelea, ambaye ataondolewa kiwandani apewe kazi ya nje, Zakayo alikuja kwangu siku hiyo hiyo, katikati ya juma, bado na vumbi la kahawia kwenye kope.

"Nifundishe, Jaluo," akasema. "Nitoke kwa hiyo chumba kabla haijanizika."

Nafasi ya pili ya kusema ilikuwa hiyo, na ilikuwa bora kuliko ya kwanza, kwa maana hapakuwa na Bwana wala makarani, alikuwa rafiki yangu tu ameketi kwenye benchi langu akihema. Angecheka. Angenitania mwaka mzima, na laini yote ingejua kwamba samaki wa Bwana hajui kuogelea, na ufunguo ungerudi mezani. Nikamwambia kwamba kwetu ziwani hakuna mtu anayeanzia majini. Nikasema mtoto wa kwetu hujifunza kwanza nchi kavu hadi viungo vielewe, na maji huja mwisho, kama vile mtu husoma herufi kabla ya kitabu. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka vizuri.

Basi nikamfundisha kuogelea chumbani mwangu. Alilala kifudifudi kwenye benchi, mikono na miguu ikining'inia, nami nikasimama juu yake nikimwonyesha nilichokuwa nimekiona dirishani kwa watoto wa Kizungu. Miguu kama chura. Mikono kama mtu anayegawanya nguo sokoni. Pumua upande. Nilimkaripia alipokosea, na ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi, kwamba nilimkaripia. Kiptoo alipita siku moja akachungulia, akaona mtu mzima akipiga mateke hewani juu ya benchi, akaniuliza kama anaugua. Kerubo alikuwa kwenye meko akigeuza ugali. Yeye ndiye aliyeuliza mbona hawashuki majini, na maji yako hapo nje, hatua kumi. Zakayo mwenyewe akamjibu, kabla sijafungua mdomo, kwamba mwalimu ni mwalimu, na kwamba yeye hataki kumwaibisha mtu wa ziwa kwa kuharakisha. Kisha akanigeuzia shingo, shavu likiwa bado kwenye ubao.

"Kwani na nyinyi mlijifunzia kwa benchi?"

"Wote," nikasema, na tukacheka sote watatu.

Mwisho wa mwezi nikaandika karatasi kwa mkono wangu mzuri wa karani: Zakayo amefundishwa, amefaulu. Nikatia sahihi. Jumatatu akatolewa kiwandani. Kwa majuma mawili aliosha mashua, akafunga kamba, akapiga makasia karibu na ukingo, na kikohozi kikapungua hata Kerubo akaniletea kuku. Nilimla. Nilijiambia kwamba nimemwokoa mtu.

Jumapili ya wafanyakazi ilikuja ikiwa na jua. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri, wamevaa nguo za ibada, wengine wakiwa na viatu mkononi wasiviharibu kwa kutembea. Waliambiwa walizunguke ziwa, na mama mmoja mzee wa Kikipsigis, mwenye kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, begani, aliniuliza tunaenda kumwona nani. Nikamwambia hatumwoni mtu, tunatembea tu na kurudi. Akasema basi yeye atangoja hapa hapa, tutamkuta tukirudi. Mashua kubwa zilibeba watu saba saba. Bwana Miwani na mkewe walisimama kidogo, wakapiga picha, wakaenda nyumbani kula. Mimi nilisimama mwisho wa gati na filimbi shingoni, nikiwa nimepanga siku nzima kutogusa maji.

Zakayo alikuwa akirudisha mashua, watu saba ndani, hatua kama kumi na tano kutoka gatini, pale pale alipopaonyesha Kiptoo kwa fimbo. Msichana mdogo alisimama kutazama kivuli chake majini, mashua ikayumba, akaanguka. Alianguka karibu, na gauni lake likajaa hewa, likamshikilia juu. Mamake alimdaka nywele. Kama Zakayo angekaa kitako, siku ile ingeisha kwa mtoto aliyelowa. Lakini alikuwa mtu wa mashua, aliyefundishwa, aliyefaulu, na alifanya kilichomleta pale. Aliruka. Nilimwona akitoka juu mara moja, akatulia kidogo, akatanda mwili sawasawa kama nilivyomtaka siku zote kwenye benchi, akagawanya maji kwa mikono, miguu kama chura, akageuza kichwa upande ili apumue. Alipumua maji. Akafanya tena, kwa usahihi ule ule. Macho yake yalinitafuta gatini, na hayakuwa na lawama wala hofu. Yalikuwa macho ya mwanafunzi anayeuliza kipi alichokosea.

Watu walipiga kelele jina langu. Odero, ingia. Odero, wewe ni mtu wa ziwa. Nikapiga kelele kwamba naleta kamba, nikakimbia. Nilikimbia hadi chumbani, nikaingia, nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake, mlango ule nilioudanganyia. Kamba hazikuwekwa chumbani. Zilining'inia nje, kwenye ukuta wa nyumba ya mashua, mahali nilipozitundika mwenyewe asubuhi. Sijui nilisimama muda gani. Nilisikia Kiptoo akiwapanga wanaume kwa sauti ya kazi, washikane mikono, mrefu mbele, wa mwisho ashike nguzo ya gati. Ndipo nilipotoka. Kiptoo alikuwa majini hadi kidevuni, mbele ya wote, na aligeuza kichwa akaniona nikitoka mlangoni mikono mitupu.

"Karani," akasema, "kamba iko nje."

Hakusema neno jingine kwangu siku ile, wala hakumwambia mtu mwingine maishani mwake, na ningependa angesema. Nilijiunga mwisho wa mnyororo ule, nikashuka hadi kifuani huku nimeikumbatia nguzo. Walimpata katika shimo la chumvi, amesimama karibu wima.

Bwana Miwani alirudi na leso ya chakula bado shingoni. Alinikuta ukingoni, shati likinichuruzika, akaniuliza kama niliingia. Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa nimelowa. "Niliingia, Bwana," nikasema, na jioni ile aliniamuru niandike taarifa, kwa kuwa mimi ndiye karani. Niliandika kwamba mtunza mashua aliingia majini mara moja, akafanya kila aliloweza. Sentensi ile haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Bwana aliisoma akanishika bega.

Kesho yake lori la shamba lilimpeleka Zakayo kwao. Kerubo aliketi nyuma kando ya jeneza, Moraa kifuani, nami niliketi upande wa pili. Kijijini baba yake Zakayo, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua juani, aliniuliza mbele ya watu wote mwanawe alikufaje na nani alikuwa naye. Nilipaswa kujibu lile la pili tu, kwamba hakuna aliyekuwa naye. Lakini Kerubo alikuwa akinitazama, na niliona kwamba alichotaka kujua si jinsi alivyokufa, ni kama alikuwa peke yake. Basi nikampa. Nikasema niliingia mara tatu, na mara ya tatu nilimfikia chini kule, nikamshika mkono, akaniponyoka. Kerubo aliinuka, akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka shavuni mwake, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Kuanzia siku ile nikawa mtu wa familia. Shambani waliweka kibao cha kukataza wafanyakazi kuja ziwani, na Wazungu wakarudi Jumapili ya tatu na mikate yao. Sikunyang'anywa chumba. Nilikaa humo miaka sita zaidi, kavu kabisa, na kila mvua ilipopiga mabati niliisikia vizuri zaidi kuliko zamani. Moraa alikua akiniita baba mdogo. Nilihudhuria mahari yake na ubatizo wa wanawe, na kila mara nilipofika niliwachekesha hadi wakashika mbavu: Mjaluo anayeogopa mvua, Mjaluo anayelala na koti, Mjaluo aliyefukuzwa na bata. Kerubo alinitengea kiti kilicho karibu na ukuta kwa sababu alijua ninapenda kuegemea. Miaka arobaini nilienda kila mara nikiwa nimekata shauri kwamba leo nitamwambia, na kila mara alinikaribisha vizuri mno.

Ijumaa basi nikasimama kaburini, na msimamizi wa shughuli akanitangaza kwa kipaza sauti kuwa ndiye mzee aliyeingia majini mara tatu kumtafuta baba yetu Zakayo. Watu wakasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu siku barua ilipofika, maneno yaliyonyooka, lakini mdomo wangu una mazoea yake. Nikaanza kwa kusema kwamba mimi ni Mjaluo wa nchi kavu, na maji yangu ya kwanza kuyaheshimu yalikuwa ya karai. Wakacheka kwa shukrani, kama watu waliolia tangu asubuhi wakapewa ruhusa. Nikangoja wanyamaze.

"Sijui kuogelea," nikasema. "Sikujua hata siku ile. Zakayo nilimfundisha juu ya benchi, na alipozama nilikimbia nikajificha chumbani. Sikumshika mkono. Nilimdanganya Kerubo."

Kwanza nikadhani nimefika. Kisha mzee mmoja wa mbele akarudia, juu ya benchi, akajipiga paja, na kicheko kikatoka pale kikaenda hadi kwa vijana waliokaa ukutani. Nikasema tena, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba sifanyi mzaha, na hilo likawamaliza kabisa. Mchungaji alikuwa akifuta macho. Moraa alinijia akicheka na kulia kwa pamoja, akanishika kiwiko ili nisijikwae kwenye udongo.

"Baba mdogo," akasema, "hata leo? Mama angefurahi sana." Kisha akawageukia watu akawaambia ndivyo nilivyo, sijawahi kukubali sifa hata siku moja, watoto wajifunze unyenyekevu kwangu.

Aliniketisha kivulini. Nikaletewa chakula kabla ya wazee wa ukoo, sahani imejaa, mguu wa mbuzi juu, na kijana akanimiminia maji ya kunawa. Nikanawa. Nikala.